Dar mpaka New York ni masaa mangapi? Ngoja kwanza, unapitia wapi?

Ukiandika kwenye simu umbali wa Dar mpaka New York inakuletea namba moja, kilomita 12,400 na kitu, afu chini yake inakuwekea masaa, na watu wanaikopi hiyo namba wanaitupa kwenye grupu la familia, "jamani kumbe ni masaa 15 tu, tulikuwa tunaogopa nini". Masaa 15 ya ndege gani? Hakuna ndege ya abiria inayoondoka Uwanja wa Nyerere ikaenda kutua JFK, uwanja wa New York, bila kushuka popote. Hiyo ni kompyuta imechora mstari kutoka nukta mpaka nukta, ikagawa kwa spidi ya ndege, ikakurushia jibu. Tiketi ya mstari huo haiuzwi.

Mi kwetu Temeke, saizi naishi New Jersey, na kwenye ukoo wetu ndo nimekuwa ofisi ya maulizo ya safari, kila anayepata viza lazima apite kwangu. Aliyenibana kuliko wote ni mama mkubwa, alipokuwa anajiandaa kuja kumlea dada aliyejifungua huku. Akanipigia, baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mwanangu, humo ndani nitakaa masaa mangapi?" Nikamwambia inategemea mama. Akanijibu, "Nimekuuliza masaa mie, sijakuuliza inategemea." Sasa hapo unaanzia wapi? Ila ukweli ni kwamba inategemea, na inategemea vitu vitatu vinne ambavyo ukishavijua hata kununua tiketi unanunua kwa akili nyingine kabisa.

Cha kwanza ni unapitia wapi. Watu wengi wa Bongo wanapitia Doha au Dubai kwa sababu ya bei, au Amsterdam, au Addis, au Istanbul, au wanapanda mpaka Nairobi wanadaka ile ya Kenya Airways inayokwenda moja kwa moja. Nikakaa nikapiga hesabu ya kilomita kwa kila njia, hesabu ya kwenye tufe sio ya kwenye ramani ya ukutani. Dar mpaka Nairobi ni kama kilomita 670, Nairobi mpaka JFK ni kama 11,840, jumla 12,500 hivi. Yaani ukilinganisha na ule mstari wa moja kwa moja ambao haupo, umeongeza kilomita sitini na kitu tu, hapo ni kama umekwenda Bagamoyo. Nairobi iko njiani! Amsterdam unaongeza kama 750, bado sio mbaya. Ila Doha unafikisha karibu 14,600 na Dubai karibu 15,000, maana yake kabla hujaanza kwenda Marekani umeenda kwanza kaskazini mashariki upande wa Ghuba, umekaa humo masaa matano sita, umeshuka, umekunywa chai, ndo unageuza uso kuelekea magharibi. Kilomita elfu mbili na zaidi za bure. Na wale jamaa wa Ghuba wanajua, ndo maana bei yao inashuka na mabegi wanakuruhusu, biashara yao yote imejengwa juu ya mtu kukubali kupitia kwao.

Sisemi wewe mwenye kupita Doha umekosea. Kama tofauti ya tiketi ni laki nane na una watoto watatu, pita Doha na Mungu akubariki. Ninachosema ujue unauza nini, unauza masaa.

Sasa huo mstari wenyewe. Ukichukua ramani ya kawaida ile ya darasani ukaweka rula kutoka Nairobi mpaka New York, rula inakatiza juu ya Kongo, Kamerun, Nigeria, inatokea Mali na Mauritania, inaingia baharini. Watu wanadhani ndege inapita huko. Haipiti huko, na ukikaa kiti chenye skrini ukaweka ile ramani ya safari unaona kandege kametoka Nairobi kanakwenda kaskazini magharibi, kanakatiza Uganda, Sudan Kusini, kanaingia Chad, na jirani yako anaanza kuulizia mbona tunaenda Ulaya. Chukua tufe, lile la shule, chukua uzi, shika kwa kidole Nairobi na kidole kingine New York, vuta uzi ukaze. Uzi wenyewe unajilaza: Uganda, Sudan Kusini, Chad, kaskazini ya Niger, jangwa la Algeria, unatokea Morocco maeneo ya Marrakesh, unaingia Atlantiki na unapita karibu juu kabisa ya visiwa vya Azores, afu unakwenda kushuka taratibu New York. Huo ndo mfupi. Wa rula ni mrefu kwa zaidi ya kilomita 300, ila kwenye karatasi unaonekana mnyoofu kwa sababu karatasi imeinyoosha dunia kwa nguvu.

Halafu marubani hawaufuati huo uzi sawasawa, kila siku njia inapangwa upya kufuata upepo na ruhusa za anga, kwa hiyo siku nyingine utajikuta juu ya Hispania, siku nyingine kusini zaidi. Ila ukijua uzi unapita wapi, ile ramani ya kwenye kiti inakuwa na utamu wake.

Azores pale nataka kusimama kidogo, kwa sababu mama mkubwa swali lake la pili lilikuwa "na ikizima baharini?" Ndege hizi za siku hizi zina injini mbili tu, na sheria inataka kila dakika ya safari ziwe ndani ya muda fulani wa kufika uwanja wa kutua zikibaki na injini moja. Katikati ya Atlantiki moja ya sehemu hizo ni Azores, kuna uwanja unaitwa Lajes. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege ya Air Transat ilikuwa inatoka Toronto kwenda Lisbon, ikavuja mafuta, injini zote mbili zikazima juu ya bahari, na ile Airbus ikaelea hewani kimyakimya kama dakika 19 mpaka ikatua Lajes, watu 306 wote wakashuka hai. Kapteni anaitwa Robert Piché. Nilimsimulia mama mkubwa nikidhani namtuliza. Jamani msimsimulie mtu mzima hii stori kabla hajapanda, msubiri ashuke.

Kitu cha pili ni unaelekea upande gani, na hapa ndo watu wanashangaa. Kenya Airways walipoanza ile safari Oktoba 28, 2018, ratiba ilikuwa inatoka Nairobi saa 5:25 usiku inafika JFK saa 12:25 asubuhi, inarudi saa 6:25 mchana inafika Nairobi saa 4:55 asubuhi kesho yake. Ukipiga hesabu ya winta, New York ikiwa nyuma kwa masaa 8, kwenda ni masaa 15 na kurudi ni 14 na nusu, na kuna siku kurudi kunakuwa kufupi zaidi ya hapo. Uwanja ni ule ule, kilomita ni zile zile. Gawanya 11,840 kwa 15 unapata kama kilomita 790 kwa saa, wakati ile ndege ikiwa juu kwenye hewa iliyotulia inakwenda kama 900. Zile mia nyingine zimekwenda wapi? Nyingine zimeliwa na kuruka na kutua na kutambaa uwanjani, lakini mlaji mkubwa ni upepo.

Juu kule, kilomita 9 mpaka 12 kwenda juu, upande wa kaskazini wa dunia kuna mikondo ya upepo mkali inatoka magharibi kwenda mashariki, wanaiita jetistrimu. Winta ndo inakuwa na hasira zaidi. Ukienda Marekani unapigana nayo kifua kwa kifua, ukirudi inakusukuma mgongoni. Februari 2020 dhoruba iliyoitwa Ciara ilivyokuwa inapiga Atlantiki, ndege ya British Airways aina ya 747 ilitoka JFK ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida ni masaa sita na nusu mpaka saba, kwa ardhini ilikuwa inakata zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Na wakati hao wanashangilia kufika mapema, waliokuwa wanakuja upande wa pili usiku ule ule walikuwa wanakula kichapo. Nani aliwaandika hao? Hakuna.

Kijiweni kwetu pale kuna mzee mmoja ana nadharia yake, nimeisikia tangu niko sekondari, kwamba ndege haina haja ya kwenda Marekani, ipande tu juu isimame, dunia izunguke, Marekani ikija chini ishuke. Na akishapata kahawa mbili anaongeza kwamba kwenda magharibi ndo kunachelewa kwa sababu dunia inaikimbia ndege. Nilimheshimu sikumbishia, ila acha nimbishie hapa. Dunia pale ikweta inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa. Kama hewa ingekuwa haizunguki pamoja nayo, Nairobi ingekuwa inapigwa na upepo wa kasi hiyo kutwa kucha na pasingebaki bati. Hewa inazunguka na dunia, na ndege iko ndani ya hewa, ni kama nzi ndani ya basi la Dodoma, akitoka siti ya nyuma kwenda kwa dereva haimhusu kabisa basi linakwenda themanini au mia. Kinachomhusu ni feni imewashwa inapuliza upande gani. Jetistrimu ndo feni.

(Mzee akisoma hii, shikamoo, na nadharia ya kahawa bado nakubali.)

Cha tatu hakionekani kwenye ramani yoyote nacho ni uwanja uko juu kiasi gani. JKIA, ule uwanja wa Nairobi ulioko Embakasi, iko mita 1,600 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Hewa pale ni nyepesi, injini inapata hewa kidogo, bawa linapata kitu kidogo cha kukalia, kwa hiyo ndege nzito inabidi ikimbie sana kwenye ranwei kabla haijanyanyuka au ipunguze uzito. Na hii safari ndo uzito wenyewe sasa. Walivyokuwa wanaizindua Kenya Airways walisema kila upande inakunywa kama tani 85 za mafuta, ina marubani 4 na wahudumu 12. Tani 85! Ndege yenyewe ni Boeing 787-8, wanayoiita Dreamliner, na uzito wake wa juu kabisa kuruka nao ni kama tani 228, maana yake zaidi ya theluthi ya kitu kinachonyanyuka pale Embakasi ni mafuta tu, lita laki moja na kidogo, na unaanza safari unabeba mafuta ambayo kazi yake ni kubeba mafuta ya baadaye. Ndo maana kuondoka usiku kukishapoa kunawafaa, hewa ya baridi ni nzito kuliko ya mchana.

Wahabeshi wao wana kesi kubwa zaidi, Addis iko zaidi ya mita 2,300. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian ikitoka Addis kwenda Washington ilikuwa inateremka njiani kujaza mafuta, Dublin au Lomé, ila ikirudi inakuja moja kwa moja bila kugusa chini. Watu wanadhani ni ratiba tu. Ni mlima na upepo: kwenda unaruka kutoka juu ukiwa mwepesi kwa lazima na upepo unakupinga, kurudi unaruka kutoka chini karibu na bahari umejaza tenki na upepo unakusukuma.

Kwa hiyo kuna mdau lazima ataniuliza, Dar sisi tuko chini kabisa usawa wa bahari, na Air Tanzania ina Dreamliner tangu Julai 2018, 787-8 ile ile, kwa nini isiruke yenyewe? Kuruka Dar ni kweli ni rahisi kuliko Nairobi. Lakini kilomita zinaongezeka mpaka 12,400 na ile ndege kwa makaratasi ya Boeing mwisho wake ni kama 13,500, hiyo ni bila upepo wa winta kukukalia usoni, inakwenda lakini kwa kujinyima abiria au mizigo. Na kabla ya mafuta kuna makaratasi. Wakenya kabla ya kuruka ilibidi nchi yao ipewe Kategoria ya 1 na mamlaka ya anga ya Marekani, yaani imekidhi viwango vya usalama wa anga, wakaipata Februari 2017, na hapo walikuwa wameshahangaika miaka kurekebisha uwanja mpaka abiria wanaotoka na wanaoingia wasikutane. Ni nchi inayokaguliwa, sio ndege peke yake. Baada ya hapo ndo unauliza je kuna watu wa kuijaza, maana hata Nairobi yenyewe walipunguza idadi ya safari kwa wiki winta ile ile ya kwanza. Mi naipenda nchi yangu lakini kwa sasa nasema tupande ya jirani, kilomita sitini sio za kugombania.

Turudi kwa mama mkubwa. Alipita Nairobi, mwezi wa kwanza. Kabla hajaondoka nilikuwa nimemuandalia kila kitu, nimemwambia avae soksi, nimemwambia ile ndege dirisha lake halina kile kifuniko cha kuvuta, ina kitufe, unabonyeza kioo chenyewe kinakuwa bluu mpaka giza. Nimemwambia hata hewa ya ndani wameipanga iwe kama ya kimo cha mita 1,800 hivi wakati ndege nyingi za zamani ni kama 2,400, yaani ukiwa ndani ni kama bado uko Nairobi. Akasema Nairobi yenyewe ina baridi. Ambacho sikumwambia, kwa kuwa kilikuwa hakijanipitia akilini, ni usiku.

Angalia hii. Jua linazama Nairobi mwezi wa kwanza kama saa 12:40 jioni. Anapanda saa tano na nusu usiku, ndege inakwenda magharibi, inakimbia upande ule ule giza linakokimbilia. Kwenye latitudo za New York dunia inazunguka kama kilomita 1,280 kwa saa, ndege ni 900, kwa hiyo haiwezi kulishinda jua lisiikute, lakini inalichelewesha kweli kweli. Anafika JFK saa 12:25 asubuhi na bado giza, jua la New York mwezi wa kwanza linachomoza saa moja na robo na zaidi. Ukihesabu kwa saa ya Dar hiyo ni saa tisa alasiri! Toka jua limezama mpaka limetoka ni zaidi ya masaa 20 ya usiku mtupu. Mama mkubwa ni mtu wa swala, tangu niko mtoto sijawahi kumuona alfajiri imemkuta amelala. Anasema alilala akaamka, akabonyeza kile kitufe cha dirisha, giza. Akasali sunna zake kwenye kiti, akalala tena, akaamka, kaangalia saa yake ya mkononi inasema saa mbili asubuhi, nje giza totoro. Akamuita binti wa ndege akamuuliza kwa Kiswahili, mwanangu hapa alfajiri inaingia saa ngapi, na yule binti Mkenya wa watu akaenda akauliza kwa wakubwa zake akarudi akamwambia bado sana bibi, lala. Alipofika nikamuuliza safari vipi mama, akaniambia, "Usiku ule haukuwa na adabu."

Na kurudi ni kinyume chake, unaondoka JFK mchana, unakimbilia mashariki, jua linakuja kinyume chako linakupita haraka, winta hujamaliza hata kile chakula cha kwanza nje kumekuwa jeusi. Wafungaji mnaosafiri upande huo Ramadhani mnajua raha yake, futari inakukuta mapema. Upande wa kwenda ndo naomba muulize masheikh kabla, kuna ruhusa ya msafiri, msijitese.

Hapo hapo kwenye saa kuna mtego mwingine. Sisi saa yetu haibadiliki mwaka mzima, wao wanasogeza mbele saa moja Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu na kurudisha Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Ndo maana kuna miezi tofauti ni masaa 8 na kuna miezi ni 7, na ndo maana ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika unapata jibu la ajabu, mtu anakwambia "nimeondoka saa tano usiku nimefika saa kumi na mbili asubuhi, masaa saba tu, Marekani ni karibu". Na tiketi ikiandikwa 00:40 tarehe 14, jamani eapoti unakwenda usiku wa tarehe 13. Kwa saa zetu za Kiswahili siku inaanza asubuhi, saa sita na dakika arobaini usiku mtu anaihesabu ni usiku wa ile siku iliyopita, na kuna watu wameachwa na ndege kwa hilo wakiwa na mabegi yameshafungwa kamba sebuleni.

Cha nne ni siasa. Ule uzi wangu wa kwenye tufe unapita juu ya nchi, na nchi zina wenyewe. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 anga lao likafungwa, Agosti mwaka huo huo baada ya mapinduzi Niger nayo ikafunga lake mpaka mwanzoni mwa Septemba, na ghafla katikati ya Afrika kukawa na tundu kubwa ambalo ndege zinalizunguka. Unalipa dakika zako wewe uliyekaa siti ya kati ambaye hata hujui nani kampindua nani. Na sisi tuna nafuu, Finnair ya Helsinki kwenda Tokyo ilikuwa kama masaa 9, Urusi ilipofunga anga 2022 ikawa kama 13. Kilomita kati ya Helsinki na Tokyo hazijaongezeka hata moja.

Ukiona masaa 15 ni mengi, kumbuka kuna waliotutangulia. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza huduma ya kila wiki kati ya London na Mwanza, ndio, Mwanza yetu ya ziwani, na barua zilikuwa zinakaa njiani siku na siku, ndege inalala kila ikifika usiku. Septemba 1959 wanafunzi 81 wa mpango wa Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani, mwaka uliofuata Wangari Maathai akawa kwenye kundi lililofuata, na ndege za wakati ule hakuna iliyokuwa na uwezo wa kuvuka bila kushuka njiani kunywa mafuta. Na kwa upande wa pili kuna Singapore Airlines wao wanatoka Singapore mpaka JFK, kilomita kama 15,350, karibu masaa 19 bila kushuka. Masaa 19! Mi goti langu linaniambia hapana hata kabla sijaulizwa.

Sasa ile namba ya kwenye tiketi yenyewe. Masaa yanahesabiwa tangu ndege inasogea kutoka getini mpaka inasimama geti la pili, kwa hiyo kuna dakika ndani yake za kutambaa tu kwenye lami, na mashirika yanajiongezea akiba kidogo ili wakifika waseme wamewahi. Ndo maana rubani anatangaza safari yetu leo ni masaa 14 na wewe tiketi inasema 15, hajakosea mtu.

Ila mlango kwa mlango ndo hesabu ninayompa mtu siku hizi. Mbagala mpaka eapoti na foleni yake, masaa matatu kabla ya kuruka, saa moja na robo mpaka Nairobi, kusubiri pale ambako kunaweza kuwa masaa mawili au kunaweza kuwa nane kutegemea ulivyochagua tiketi, 15 hewani, uhamiaji JFK, mabegi, gari mpaka New Jersey. Inakuja masaa 26 mpaka 32 kwa njia fupi kuliko zote. Kwa njia ya Ghuba yenye kusubiri kurefu niliwahi kuona mtu anafikisha 40, na kwenye huo uwanja shirika lake lilimnyima hata kuponi ya chai kwa maelezo kwamba kusubiri kwake "kumekosa dakika kidogo" kufikia kiwango chao. Kwa hiyo ukilinganisha tiketi usiangalie bei kwanza, angalia ile mistari midogo ya kusubiri, wameandika kwa rangi ya kijivu na wanajua kwa nini.

Na wewe unayekwenda kumpokea mtu JFK na ndege ya alfajiri, usikurupuke kuondoka nyumbani kisa simu imekwambia imetua. Ikishatua bado kuna kutambaa, kuna uhamiaji, kuna begi la kilo 23 lililofungwa kamba ya katani ambalo lazima liwe la mwisho kutoka. Mpe saa moja na nusu, mawili kama ni mgeni wa mara ya kwanza, anywe maji kwanza ndo umuulize safari. Mama mkubwa alitoka baada ya karibu masaa mawili, wa kwanza kumuuliza swali alikuwa yule afisa wa uhamiaji aliyetaka kujua kwenye begi kuna nini, akamwambia dagaa, na hayo maelezo ya dagaa yalichukua muda kuliko Dar mpaka Nairobi.